Kipoyi cha Papa Jef

Msinitumie tena picha ya yule mtoto wa shaba anayekojoa. Nimechoka naye. Kila msichana anayefika Brussels, begi bado halijafunguliwa, ameshakwenda kusimama mbele yake, vidole juu, meno nje, halafu ananiandikia: "Shangazi, mji nimeshaujua!" Umeujua wapi, mwanangu? Umekijua kisanamu. Kisanamu hakikohoi, hakina mkwe, hakimnunii mtu.

Mimi mji huu nimeujua kwa kuuosha mgongo. Nimefanya kazi ya kutunza wazee majumbani mpaka magoti yangu yenyewe yakaanza kutaka mtunzaji. Nimepasha supu Saint-Josse, nimefungua mapazia Etterbeek, nimekata kucha za miguu kule Uccle kwenye nyumba ambazo bustani peke yake ingetosha shamba la mahindi. Ninyi mnaoanza kazi hii sasa mmeniomba niwaeleze nilichojifunza. Haya, kaeni. Ila sitawapambia. Kazi niliipenda, lakini nimetoka nayo na kinyongo, na leo nitakisema.

Nianze na madogo, maana hayo ndiyo yatakayowaaibisha mwanzoni. Wiki yangu ya kwanza, bibi mmoja aliniuliza kama nitakunywa kahawa. Mimi mtoto wa Morogoro, nimefundwa nikafundika, nikasema, "Hapana, asante." Kwetu hapana ya kwanza ni adabu tu. Mwenyeji anakung'ang'aniza, unakataa tena, anakuwekea kikombe mbele, unakunywa huku ukijidai umelazimishwa. Yule bibi alisema "sawa" na akarudisha birika jikoni. Wee! Baridi nzima nilinusa kahawa ile bila kuionja, maana kwake mtu akisema hataki, hataki. Kwa hiyo mkikaribishwa, itikieni pale pale. Na kile kibiskuti cha pembeni mkile, msikifunge kwenye kitambaa kama mnapeleka ushahidi polisi.

Kunyanyua mtu tumieni mapaja, si kiuno. Mwanzo wa kuosha uwe mkono, mzee aizoee ngozi yako, ndipo uende mgongoni. Uso mpe kitambaa aufute mwenyewe, hata kama anafuta hewa. Hayo yote nilifundishwa na Maman Zawadi, mama wa Bukavu, kipande cha mtu, sauti yake ya kwaya hata akiomba chumvi. Alinitangulia kwenye kazi miaka mingi. Mimi aliniita Maman Tanzania, na Kiswahili changu alikicheka kuliko nilivyokicheka chake.

"Weye unasemaka sawa radio," alikuwa akinitania. "Sikiliza, Maman Tanzania. Usimuulize muzee anaumwa wapi. Ukimuuliza, atakuhesabia mpaka jioni. Bon. Umuulize hivi: kama miguu ilikuwa muzima, leo ungekuwa wapi? Njo utamujua."

Nilikariri swali hilo, na mtu wa kwanza kumuuliza alikuwa Jef.

Jef alikaa mtaa wa Marolles, mtaa wa zamani wa maskini, chini ya lile jumba kubwa la mahakama lililozungukwa na vyuma vya mafundi tangu nifike mji huu. Ghorofa ya tatu, hakuna lifti, ngazi nyembamba za kuzunguka ambazo ukibeba kapu la nguo chafu inabidi upite kiubavu. Mzee mkavu, macho ya buluu, mdomo mchafu. Nilipomuuliza siku ya leo angekuwa wapi, hakufikiri.

"Leo Jumapili. Chini. Mezani kwangu."

Meza yenyewe ilikuwa kwenye kibaa cha kona, karibu na dirisha. Alikaa hapo na wazee wenzake watatu kila Jumapili wakicheza karata na kutukanana kwa lugha ya mtaa wao, nusu Kifaransa, nusu Kiflemish, lugha ambayo hakuna shule inayoifundisha. Wakati huo miguu yake ilikuwa mibovu lakini bado ya kwake. Jumapili ilikuwa zamu yangu. Nikamshusha polepole, yeye mkono mmoja kwenye ukuta na mmoja begani kwangu, na huko ndiko nilikoingizwa mjini.

Alinipitisha kwanza kwenye mnada wa vitu vya zamani unaotandazwa chini kwenye mawe. Akanifundisha kununua: ukitaka sufuria, usiishike sufuria. Shika taa iliyo kando yake, ilalamikie taa, halafu uulize sufuria kana kwamba unamwonea huruma muuzaji. Akanisimamisha kwenye kigari cha mchuzi wa konokono wa baharini. Konokono! Mimi! Marehemu baba yangu angetoka kaburini kuniuliza tumekosa nini. "Anza na mchuzi," Jef akasema, "konokono watakusubiri, hawana mbio." Nikanywa mchuzi. Una pilipili manga na figili, unawasha koo vizuri. Konokono nilianza kumla mwaka uliofuata, na sasa msiniulize, namla na mkate.

Watu wa mtaa ule wana neno, *zinneke*. Ni mbwa wa mtaani wa damu mchanganyiko, asiye na mwenyewe. Kwao kuitwa hivyo ni sifa, maana yake wewe ni mtu wa hapa hasa. Siku Jef aliponiita hivyo mbele ya wenzake nilitaka kumwacha pale pale baani arudi nyumbani kwa kutambaa. Mwenye baa ndiye aliyenieleza. Nikarudi kukaa.

Na mimi nilimwita Papa Jef, kama Maman Zawadi alivyowaita wote. Binti yake, Madame Christine, aliyekuwa akija kutoka Uccle mara moja moja na maua, alilisikia hilo jikoni akanigeukia. "Si baba yako. Ana jina lake." Nikaona aibu, nikamwomba radhi. Kutoka chumbani Jef akapiga kelele, "Mwache aniite! Wewe mwenyewe mara ya mwisho kuniita papa ni lini?" Madame Christine aliyapanga yale maua kwa muda mrefu sana siku ile. Si mtu mbaya, ninawaambia mapema. Ningefurahi kama angekuwa mbaya, ningemchukia nikapumzika.

Baridi moja Jef alianguka bafuni, akavunjika nyonga. Akarudi kutoka hospitali na kiti cha magurudumu, kiti kizuri cha bei, ambacho hakikuweza kushuka hata ngazi moja ya nyumba ile. Akakaa dirishani. Wenzake walikuwa wakisimama chini Jumapili, wakainua kofia, yeye akainua mkono, wakaingia baani bila yeye. Alianza kuacha chakula. Halafu akaacha kutukana, hapo nikaogopa kweli.

Madame Christine akaja na karatasi za nyumba ya wazee, Uccle, dakika chache kutoka kwake. Miti, ndege, chumba chenye jua.

"Mimi si sungura," Jef akasema. "Bustani nitaifanyia nini?"

"Hapa umefungwa, papa." Alilisema, hilo neno. "Hutoki, huoni mtu. Kama ungekuwa unatoka ningeelewa."

"Nikitoka?"

"Ukitoka kila Jumapili kama zamani, unabaki. Naapa. Lakini utatokaje?"

Kampuni yetu ilisema hilo haliwezekani, hakuna mashine ya kupita ngazi zile, na mtunzaji haruhusiwi kubeba mtu. Nilimweleza Maman Zawadi kwa simu nikilia kama mtoto. Yeye akacheka.

"Eh, Maman Tanzania! Banashindwa kushusha muzee mumoja? Kule kwetu tunashusha muntu mulima muzima! Si kuko kipoyi?"

Kipoyi. Sisi tunaita machela. Jamani, nilijipiga paji la uso. Mimi mwenyewe ni wa milima ya Uluguru, na kule juu mama akishikwa na uchungu wa uzazi hakuna gari litakalomfikia. Wanaume wanafunga miti miwili, wanambeba, wanashuka wakiimba ili hatua zilingane na mgonjwa asitikiswe. Nimeona hayo tangu sijaota meno. Kuishi kwangu kwenye nchi ya lifti kulikuwa kumenisahaulisha.

"Unataka vijana wangapi?" nikamuuliza.

"Quatre. Quatre batatosha. Kwaya yetu iko na batoto ba nguvu."

Wakaja wanne wa kwaya ya kanisa lao. Mkubwa wao aliitwa Espoir, kijana mrefu wa Bukavu. Kazi yake ilikuwa kupelekea watu majumbani mafriji na mashine za kufulia, kwa hiyo ngazi za Brussels alizijua kuliko mtu yeyote. Akapima kona kwa mikono yake, akasema miti haitapita ngazini. Tumshushe kwanza kwenye kiti chake cha jikoni, wawili mbele chini, wawili nyuma juu, na miti ifungwe chini mlangoni kwa ajili ya barabara. Maana barabara ile ni ya mawe na ina mteremko. Kiti cha magurudumu kinapopita pale, mtu mwenye nyonga iliyovunjika anasikia kila jiwe.

Kila kitu kilikuwa tayari, na aliyekataa akawa Jef mwenyewe. Alilisikia neno kipoyi kwenye mazungumzo yetu, akatuangalia vibaya.

"Neno hilo nalijua," alisema. "Mjomba wangu alikuwa Kongo. Nyumbani kwake kulikuwa na picha, amekaa juu, weusi wanne chini. Sitaki. Bora sungura."

Espoir akaangalia viatu vyake. Maman Zawadi alivuta kiti, akakaa mbele ya mzee magoti kwa magoti, akamwambia kwa Kifaransa, halafu akatugeukia akatueleza tena kwa Kiswahili ili vijana wasikie vizuri.

"Babu yangu alibebaka muzungu, na kiboko nyuma yake. Iyo ni kweli, siifiche. Lakini mama yangu naye alibebwa mu kipoyi, kutoka kule mulimani mpaka hôpital, miye niko mu tumbo. Bila kipoyi, Zawadi haiko. Donc, kipoyi ni chombo tu. Kisu inakata muntu, inakata na mukate. Leo hakuna kiboko hapa. Tunakubeba sababu tunataka."

Jef akaweka sharti. Wakifika baani hakuna atakayesimama nje kumsubiri. Wote wanakaa mezani, wanakunywa naye, wanacheza. Asiyejua karata atafundishwa.

"Sisi batu ba kanisa," Espoir akasema.

"Basi mtakunywa limau," Jef akajibu. "Lakini mtakaa."

Jumapili ya kwanza nilikuwa nyuma yao ngazini nimeshika blanketi na dua zote ninazozijua. Hawakumgusisha ukuta hata mara moja. Chini wakafunga miti, wakainua, na Espoir akaanzisha wimbo wa kwao wa kutembelea, watatu wakaitikia. Mtaa ulitoka madirishani. Muuza mchuzi alipiga kijiko kwenye sufuria yake. Jef juu ya mabega, blanketi magotini, alikuwa akicheka mpaka anakohoa, na matusi yalikuwa yamerudi yote, hakuna hata moja lililopotea. Wale wazee watatu walisimama mlangoni mwa baa, kofia mikononi, mmoja analia waziwazi.

Madame Christine alikuwepo. Alisimama upande wa pili wa barabara, mkono mdomoni, halafu akavuka akanishika bega. "Anabaki," alisema. Ndivyo alivyosema, na mimi nilimwamini.

Ilikwenda hivyo baridi ikaisha, majira yakageuka. Espoir aliijua ile karata akaanza kuwafunga, na wazee wakaanza kumshuku kwamba kanisa lake si la Mungu. Maman Zawadi aliwaletea sambusa, wao wakamlazimisha jibini linalonuka miguu. Wanne wale walikuwa wakiniambia kwamba wamekaa mji huu miaka, wanaujua kwa majina ya kengele za milangoni tu, na kwamba pale mezani ndipo kwa mara ya kwanza mwenyeji aliwauliza swali lisilohusu karatasi zao. Watu hulipa tiketi kwenda kutazama utamaduni wa Brussels. Sisi tulikuwa ndani yake, tunanuka bia na jibini.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninyi vijana mnapoingia.

Jumapili moja alipita msichana wa chuo. Alikuwa wetu, si mzungu. Mzazi wa Kinshasa, yeye mzaliwa wa Etterbeek. Alikuwa ametoka kutembelea jumba moja la makumbusho, sitalitaja, ambako alikuwa ameiona ile picha ya zamani, mzungu juu, weusi chini. Machozi hayajakauka, anageuka kona, anakutana na nini? Mzungu juu, weusi chini, na mzungu anacheka. Akainua simu. Hakuja kuuliza. Hakutufuata hatua zile chache mpaka baani aone nani amekaa wapi. Alipiga picha, akaiweka mtandaoni, akaandika chini yake: "Bado tunawabeba."

Simlaumu kwa kulia. Nasema hivyo kila nikisimulia, na ni kweli. Makumbusho yalimfundisha nusu, na ile nusu ilikuwa ya kweli. Lakini mwanangu, ulikuwa na miguu mizima! Mlango ulikuwa wazi! Ungeagiza hata maji!

Kufika Jumanne picha ilikuwa imezunguka mji. Watu wenye hasira, watu wenye huruma, watu wasiojua Marolles iko upande gani. Mzee mmoja wa chama cha Wakongo alimpigia Maman Zawadi akamfokea kwamba anaaibisha taifa. Kampuni ikatuita, na Espoir naye kwa niaba ya vijana. Mkuu wetu, mwanamke mpole, alitukalisha na Madame Christine, akaongea kwa sauti ya hospitali.

"Tunafanya hivi kuwalinda ninyi," alituambia. "Heshima yenu kwanza."

"Ya nani?" Espoir akauliza. Alikuwa amekuja na nguo zake za kazi. "Madame, kila siku miye nabeba mashini ya kufua mupaka ghorofa ya ine, mugongo inanilia. Nani alipigaka ile photo? Nani alilia? Ninabeba frigo, muko sawa. Ninabeba rafiki yangu, munasema heshima."

Mkuu wetu alisema anaelewa. Mtu akikwambia anaelewa kwa sauti ile, ujue faili limeshafungwa. Tulikatazwa kumgusa Jef nje ya mlango wake, na mimi nikaambiwa nikionekana tena kwenye msafara ule kazi sina.

Nilimgeukia Madame Christine. "Uliapa," nikamwambia. "Mwambie. Wewe ulikuwepo, uliona."

Alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Kazini wananiuliza kama yule ni baba yangu," alisema. "Wananiuliza kama tunawalipa wabebaji. Nitawajibuje? Siwezi. Samahani, siwezi."

"Wajibu kwamba anacheza karata!" nilipiga kelele, na Maman Zawadi akanishika mkono chini ya meza.

Hakuna aliyemuuliza Jef. Andikeni hilo kwenye mioyo yenu. Kwenye kikao chote kile cha heshima, mwenye miguu mibovu hakualikwa, na walioulizwa kuhusu mabega yao walijibu wakafundishwa jibu lingine. Kama kuna dharau kubwa kuliko hiyo, mimi sijaiona, na nimeona nyingi.

Wakamhamishia Uccle.

Nilikwenda kumtembelea siku zangu za mapumziko. Pazuri, siwezi kusema uongo. Miti, ndege, chumba chenye jua. Wasichana wa pale wanakimbia, wema lakini wanakimbia, na hakuna hata mmoja anayejua lugha ya mtaa wake. Matusi yake yalipita hewani kama kikohozi. Wale wenzake watatu walijaribu kuja mara moja. Wakapotea kwenye kubadili tramu, wakarudi. Siku moja nilimkuta ametoka kwenye matembezi, wamewapeleka makumbusho kwa basi.

"Kulikuwaje, Papa Jef?"

"Viti vizuri sana," alisema. "Vyote vimezungushiwa kamba."

Nilimuuliza swali la Maman Zawadi, la miguu ikiwa mizima. Aligeuza uso ukutani. Sikuwahi kumuuliza tena. Alianza kuacha chakula, na safari hii hapakuwa na ngazi za kulaumu. Majani yalipoanza kuanguka alikuwa hajibu tena hata akiitwa kwa jina lake, lile ambalo binti yake alilitetea. Alikufa siku ya kazi, mchana, wakati wenzake wa pale wanakula.

Nilikuwa kwa Maman Zawadi simu ilipoita. Alikuwa Madame Christine. Simu iliwekwa kwenye spika kwa sababu Maman Zawadi alikuwa na unga mikononi, kwa hiyo niliyasikia yote. Misa itakuwa kwenye kanisa la mtaa wa zamani. Marafiki wa baba ni wazee, hawawezi kubeba jeneza. Kuna kampuni inayotoa wabebaji, lakini hawamjui. Alikuwa amefikiri, kama haitakuwa usumbufu, wale vijana.

"Kata," nilimwambia Maman Zawadi. "Kata simu hiyo sasa hivi. Walituambia nini? Leo mabega yetu yamekuwa halali?"

Maman Zawadi aliiangalia simu iliyo mezani. Unga ulikuwa mpaka kwenye viwiko.

"Saa ngapi?" aliuliza.

Tuligombana usiku mzima kwa sababu hiyo, mimi na yeye, na yeye alinijibu jambo moja tu, kwamba aliyepiga simu ile si Jef, na anayebebwa ni Jef. Nilikwenda. Ningefanya nini?

Vijana walivaa mashati meupe. Hawakuimba, padri alikuwa na muziki wake. Walimtoa kanisani mabegani, wanne wale wale, Espoir mbele kulia, wakateremka naye kwenye mawe yale yale mbele ya baa mpaka gari lilikokuwa. Ilikuwa siku ya mnada, mtaa umejaa watu na wageni wa kila nchi. Weusi wanne chini, mzungu juu, mchana kweupe. Watu walisogea pembeni. Wanaume walivua kofia. Niliangalia mikono ya kila mtu, niliitafuta simu hata moja. Zote zilikaa mifukoni.

Baada ya mazishi kulikuwa na kahawa na mikate midogo baani, kama ilivyo desturi yao. Madame Christine alikuja akamshika Espoir mikono yote miwili, macho yamevimba. "Mmempa baba yangu heshima kubwa," alimwambia. Espoir amelelewa vizuri, alisema merci, akainamisha kichwa. Madame Christine alipoondoka, Espoir akatugeukia.

"Maman, leo tumemubeba, na hakuna muntu amesema kitu," alimwambia Maman Zawadi. "Sasa ile Jumapili, tulikosea nini?"

Maman Zawadi alikuwa na kikombe mdomoni. Alikishusha.

"Ile Jumapili alikuwa anacheka," alisema.

Nilichukua koti langu nikatoka nje.